Kinga ya Kuazima na Kinga ya Kwako Mwenyewe

Mtu akiumwa na mbwa asiyefahamika na jeraha likatoka damu, hospitali yenye vifaa kamili humwandikia vitu viwili: chanjo ya kichaa cha mbwa, na imunoglobulini ya ugonjwa huohuo. Akifika dirisha la dawa akasikia bei, mara nyingi huuliza kama anaweza kuchagua moja. Swali hilo si la kijinga. Zote mbili ni sindano, zote zinatajwa kwa jina la ugonjwa mmoja, na aghalabu hakuna aliyepata wasaa wa kumweleza kwamba moja inaufundisha mwili wake kazi, na nyingine inamletea kazi iliyokwisha kufanywa na mwili wa mwingine.

Kabla ya dirisha la dawa kuna bomba la maji. Jeraha lisuguliwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa ya ukutani na si kwa kukisia, kisha lipakwe iodini au spiriti. Pilipili, mafuta ya taa, majivu na nywele za mbwa aliyeuma viachwe kabisa. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwanza katika nyama iliyoraruliwa kabla ya kuingia kwenye mshipa wa fahamu na kupanda kuelekea ubongo. Kila kinachooshwa hapo ni kimoja pungufu cha kupigana nacho baadaye.

Sasa zile sindano. Chanjo ina virusi vilivyouawa. Mwili unavitambua kuwa ni wageni, unaanza kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomshika adui mmoja mahususi na kumzuia asiingie kwenye seli. Kazi hiyo ni nzuri na hudumu, lakini inataka muda: wiki moja hupita, wakati mwingine zaidi, kabla ya kingamwili za kutosha kuonekana katika damu. Mtoto aliyeumwa usoni, karibu kabisa na ubongo, hana wiki ya kusubiri. Imunoglobulini ni kingamwili zilizo tayari, zilizochujwa kutoka katika damu ya watu au farasi waliokwisha kuchanjwa. Zinafanya kazi saa ileile zinapoingia. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake hazidungi begani, bali huzidunga ndani ya jeraha na kulizunguka, mpaka mgonjwa analalamika. Maumivu hayo yana sababu. Mtulize mtoto, usimwondoe kitandani.

Imunoglobulini hutolewa mara moja tu, siku ya kwanza pamoja na chanjo. Ikikosekana siku hiyo bado inaweza kutolewa, ila isivuke siku ya 7 tangu dozi ya kwanza ya chanjo, kwa sababu kuanzia hapo mwili wenyewe umeshaanza kujitengenezea za kwake. Kwa hiyo yule anayesema “hii ya pili nitaifuata mwezi ukiisha” ameikosa moja kwa moja. Ikiwa huna uwezo wa zote mbili, au imunoglobulini haipo wilayani kwenu, anza chanjo leo hii, osha jeraha vizuri, na umalize dozi zote kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Mchubuko mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo bila imunoglobulini. Aliyewahi kumaliza chanjo hii miaka ya nyuma naye haihitaji imunoglobulini. Dozi mbili za chanjo, siku ya kwanza na siku ya tatu baada yake, zinatosha kuamsha kinga aliyonayo. Kitu ambacho hakina nafasi ya pili ni kusubiri dalili. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, hakuna sindano itakayomrudisha, na takriban watu 59,000 duniani hufa hivyo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na idadi kubwa yao ni watoto.

Nimeanza na mbwa kwa kuwa hapo aina mbili za kinga hukutana katika chumba kimoja. Lakini mgawanyo huohuo unapita katika kliniki ya wajawazito, wodi ya watoto, chumba cha dharura na hata maabara.

Kila binadamu anazaliwa na ulinzi wa jumla: ngozi, kamasi, asidi ya tumbo, homa, na chembe nyeupe zinazomeza chochote kigeni bila kuuliza jina. Juu ya huo kuna kinga inayopatikana maishani, yenye kumbukumbu. Ukiugua surua utotoni ukapona, mwili wako hautaisahau. Ukichanjwa surua, unapata kumbukumbu hiyohiyo bila kupita kwenye hatari ya kufa au kupofuka. Hizo ni kinga ulizojitengenezea. Kisha kuna kinga ya kupewa: kingamwili za mama zinazovuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, au zile za chupa ya dawa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Kwa kingamwili nitawasahihisha kidogo: inasitiri, tena vizuri sana, ila mwenyewe atakuja kuichukua. Kingamwili za binadamu zilizotiwa katika mwili wa mwingine hupungua nusu kila wiki tatu hivi. Baada ya miezi michache zimekwisha, wala mwili haukujifunza lolote.

Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha mjini Berlin mwaka 1890 kwamba kinga huazimika. Walichukua majimaji ya damu ya wanyama waliokwisha kupata kinga ya pepopunda na dondakoo, wakawadunga wanyama wengine, nao wakalindwa. Behring alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa. Dawa nyingi nitakazozitaja hapa ni wajukuu wa kazi ile.

Pepopunda yenyewe ina jambo ambalo wengi hawalijui: kuugua hakuachi kinga. Sumu ya bakteria wake ni kali kiasi kwamba kiwango kidogo kinachotosha kuua hakitoshi kuufundisha mwili. Mtu aliyelazwa kwa pepopunda akapona achanjwe kabla ya kurudi nyumbani, kama vile hajawahi kuugua. Aliyekanyaga msumari wenye kutu huku hajui alichanjwa lini anaweza kupewa sindano mbili, kama za mbwa: kingamwili za kuzuia sumu kwa sasa, na chanjo kwa ajili ya kesho. Ukiambiwa “umechomwa ya pepopunda,” uliza ni ipi kati ya hizo, na iandikwe. Nimeona watu wanaokwenda miaka kumi wakiamini wana chanjo, kumbe walipewa kinga ya kuazima iliyoisha kabla kidonda hakijasahaulika.

Mama mjamzito hupewa chanjo hii kwa faida ya wawili. Kingamwili anazotengeneza zinavuka kondo, hasa miezi mitatu ya mwisho, na kumkuta mtoto kitovuni, mahali ambapo wembe mchafu au samadi vimeua vichanga wengi katika nchi zetu. Dozi mbili katika mimba ya kwanza, zilizoachana angalau wiki nne, ni mwanzo tu. Ratiba kamili ni dozi tano, nyingine zikifuata baada ya miezi sita, mwaka, na mwaka tena. Kadi ya kliniki isitupwe mtoto akianza kutembea. Mimba ijayo itaihitaji.

Baada ya kuzaliwa kuna dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Bado kuna nyumba ambamo bibi huyakamua na kuyamwaga akisema ni machafu, mtoto apewe kwanza maji ya sukari. Nasema kwa heshima zote kwa bibi zetu: hapo wanakosea, na kosa lenyewe ni kubwa. Dang'a imejaa kingamwili za aina inayopaka kuta za koo na utumbo wa mtoto, kingamwili za magonjwa yaleyale yaliyopo katika nyumba ile, kwa sababu mama amekutana nayo. Hakuna kopo dukani lenye kitu hicho. Mtoto awekwe titini ndani ya saa ya kwanza, na asipewe hata maji mpaka atimize miezi sita.

Kinga ya mama ndiyo pia jibu la swali ambalo wauguzi wanaulizwa kila wiki: kwa nini chanjo ya surua na rubela haitolewi mapema pamoja na nyingine? Chanjo hiyo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Vikimkuta mtoto bado ana kingamwili nyingi za mama, zinavimaliza kabla mwili wake haujajifunza. Kwa hiyo Tanzania na Kenya husubiri hadi miezi 9, kisha hurudia miezi 18. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa zaidi, mama akiwa amesharudi kazini na mtoto anaonekana ana afya. Na kama mtoto aliongezewa damu au kupewa imunoglobulini hivi karibuni, mwambie muuguzi kabla ya sindano ya surua, kwani kingamwili za mtu mwingine zinaweza kuizima vilevile. Pengine tarehe itasogezwa kwa miezi kadhaa.

Kutoka hapohapo kuna jambo linaloumiza familia bila sababu. Mtoto wa mama mwenye virusi vya Ukimwi huzaliwa na kingamwili za mama, na vipimo vya haraka vya kutoboa kidole hutafuta kingamwili, havitafuti virusi. Kwa hiyo mtoto huyo ataonyesha mistari miwili hata kama hana maambukizi, pengine mpaka miezi 18. Kipimo cha kweli kwake ni kile kinachotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe, kinachochukuliwa akiwa na wiki 4 hadi 6 kwa tone la damu ya kisigino na kupelekwa maabara. Mkubwa naye ana tatizo la upande wa pili: aliyejihatarisha juzi hajatengeneza kingamwili za kuonekana, na jibu la “hana” halimaanishi kitu mpaka apime tena baada ya miezi mitatu. Wala asisubiri miezi hiyo akiwa amekaa tu. Ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia maambukizi, na hospitali ya wilaya inazo.

Kundi la damu lisilo na Rhesus ni la watu wachache Afrika Mashariki, na kwa sababu ni wachache, wengi hulijua wakiwa wameshapoteza mtoto. Mama ana Rhesus hasi, baba ana chanya, mtoto akachukua ya baba. Wakati wa kuzaa, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama, na mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Wa pili huzikuta kingamwili zinamsubiri, zinavuka kondo, zinavunja chembe zake nyekundu. Tiba ni kuwahi: mama apewe sindano ya kingamwili iitwayo anti-D karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rhesus chanya. Zinazifuta chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujaziona. Hapa kinga ya kuazima hutumika kuuzuia mwili usijifunze, na ndiyo sababu haitakiwi kuchelewa. Mwili ukishajifunza, haufundishiki kusahau.

Dawa hiyo hutoka katika damu ya watu. James Harrison wa Australia, aliyekuwa na kingamwili hizo kwa wingi, alichangia mara 1,173 mpaka alipostaafishwa kwa umri mwaka 2018 akiwa na miaka 81. Inakadiriwa alisaidia watoto milioni 2.4. Alifariki mwaka 2025. Kwa hiyo bei ya sindano hiyo isikushangaze, ila ipange mapema. Mama akijua ana Rhesus hasi kwenye hudhurio la kwanza, yeye na mumewe wana miezi kadhaa ya kutafuta sindano. Akijua siku ya tatu baada ya uzazi, wana saa chache tu. Baba naye apimwe, kwani akiwa hasi kama mkewe hakuna haja ya gharama hiyo. Mimba ikiharibika sindano inaweza kuhitajika vilevile, na hapa ndipo wengi hukosa kwa sababu hawakwenda hospitali kabisa au hawakusema kundi lao.

Kuhusu nyoka nitasema machache. Dawa ya sumu ya nyoka ni kingamwili za farasi au kondoo aliyedungwa sumu kidogo kidogo. Kingamwili ni za adui mmoja: dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haimfai aliyeumwa na kifutu wa Dodoma au koboko wa Kitui, na dawa za namna hiyo zimewahi kuuzwa Afrika. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usiweke jiwe la nyoka. Vua pete na bangili, kilaze kiungo bila kukitikisa, mbebe mgonjwa asitembee, mpeleke. Nyoka asifukuzwe, picha ya simu kwa mbali inatosha. Swila akikutemea machoni ni maji mengi tu, si sindano. Na kwa kuwa protini ya farasi inaweza kuleta mzio mkali, aliyepewa dawa hiyo abaki chini ya uangalizi, na akipata homa, vipele au maumivu ya viungo siku 5 mpaka 14 baadaye arudi kwa daktari, asidhani sumu imeamka.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walipata huko Cambridge njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, bila farasi wala mchangiaji, kutoka katika seli zinazokuzwa maabara. Matunda yake umeyashika mkononi. Kipande cha kupimia mimba kina kingamwili zinazonasa homoni ya ujauzito. Kipimo cha haraka cha malaria kina kingamwili zinazonasa protini ya kimelea, na hapo kuna onyo: protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ukimaliza dozi wiki hii, ukapima tena wiki ijayo na kuona mstari, usirudie dawa kwa kichwa chako. Omba kuangaliwa kwa hadubini.

Habari kubwa kwa wasomaji wetu wa Kongo ilitoka kwao wenyewe. Katika mlipuko wa Ebola wa Kikwit mwaka 1995, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, 7 waliishi. Zaidi ya miaka 10 baadaye, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit bado ilikuwa na kingamwili, na kutokana nazo ikatengenezwa dawa iliyojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia mwaka 2018. Matokeo ya Agosti 2019 yalionyesha vifo vya thuluthi moja hivi kwa waliopewa dawa hiyo au nyingine ya kingamwili, wakati waliopewa dawa mbili za kulinganishwa walikufa takriban nusu. Waliofika mapema walipona zaidi. Lakini ni Ebola ya aina ya Zaire tu. Milipuko ya Uganda ya aina ya Sudan haiguswi na dawa hizo. Kwa hiyo anayesikia “Ebola sasa ina tiba” asilegeze mkono wa kunawa.

Saratani nayo imepata kingamwili zake. Jina la dawa likiishia kwa “mab”, kama trastuzumab au rituximab, ni kingamwili. Kabla familia haijauza kiwanja, iulize maswali mawili: je, kipande cha uvimbe kimepimwa kuona kama kina kile kinachonaswa na dawa hii? Trastuzumab kwa uvimbe wa titi usio na alama ya HER2 ni pesa iliyotupwa. Na je, dawa imetunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, tangu ilipotoka kiwandani? Iliyosafirishwa kwenye begi la nguo kutoka nje si rahisi tu kwa bei. Inaweza kuwa maji matupu.

Wauzaji wa vidonge vya “kuongeza kinga” watanisamehe. Sina ugomvi na mlonge. Ni mboga nzuri. Ila kinga si kitu kinachopimwa kwa wingi. Pumu, mzio na baridi yabisi ya viungo ni kinga inayofanya kazi kupita kiasi au kumpiga mwenyewe, na wagonjwa wa baridi yabisi hupewa dawa za kuipunguza. Hakuna kidonge cha dukani kitakachokupa kingamwili za pepopunda.

Neno la mwisho ni kwa ndugu walioko Muscat, Dubai, London na Minnesota wanaojiandaa kuja nyumbani likizo. Kinga ya malaria ni ya kweli: mwaka 1961 kingamwili za watu wazima wa Gambia zilidungwa kwa watoto wagonjwa na vimelea vikapungua. Lakini huitunza yule anayeumwa na mbu mara kwa mara. Ukikaa nje miaka kadhaa inapungua, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa, hata kama babu yao ni wa Tanga na hajawahi kulazwa. Meza dawa za kinga ulizoandikiwa, lala ndani ya chandarua, na mtu wa familia akipata homa, akiwa bado huku au miezi kadhaa baada ya kurudi huko, apimwe malaria siku hiyohiyo na umwambie daktari wa kigeni mlitoka wapi, kwa sababu yeye hatafikiria kuuliza.